Perege Kumi na Wawili na Homoni ya Wasiwasi

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema! Leo Daktari wetu wa samaki ametuita mimi na Bi Taratibu. Msimamizi wa chumba cha matangi amestaafu mwisho wa mwezi uliopita. Atakayeshika nafasi yake anapewa ile nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stoo ya chakula cha samaki. Nyumba! Ina mlango wake, jiko lake na bomba lake. Nimeshaichungulia dirishani mara tano.

Wahudumu tuko wawili tu, kwa hiyo ni mimi au yeye. Daktari hataki maneno, anataka samaki. Kila mmoja amepewa tangi la lita mia tano, maji yasiyo na chumvi, na perege kumi na wawili. Kazi ni kuwazoesha maji yenye chumvi kama ya bahari kwa siku kumi. Kila siku, kuanzia leo, kilo mbili kasoro robo za chumvi, wala si zaidi. Siku ya kumi atawapima damu. Ambaye samaki wake damu imetulia, ndiye msimamizi. Ili wasichanganywe, wangu wamekatwa kidogo ncha ya pezi la kulia, wa Bi Taratibu la kushoto.

Bi Taratibu hilo si jina lake, ni sifa yake. Mtu mwema, sina ubaya naye. Ila mwendo wake! Anafunga mfuko wa chakula utafikiri anamfunika mtoto aliyelala. Huyo hanishindi.

Nimemwambia mke wangu. Ameanza kupima mapazia kwa macho. Mimba ina miezi minane na tunaishi kwa baba yake, kwenye chumba alichokuwa akitengenezea saa kabla hajastaafu. Saa kumi na nne bado ziko ukutani. Kila moja inagonga kwa wakati wake, hakuna mbili zinazokubaliana. Ukweni ni ukweni. Mwaka wa pili huu sijawahi kuimba bafuni.

Jumanne, 4 Machi

Daktari amesafiri kwenda mkutanoni hadi Jumatano ijayo. Kabla ya kuondoka ametueleza tena kwa nini siku kumi. Naandika nisije nikasahau.

Samaki akiwa kwenye maji yasiyo na chumvi, mwili wake una chumvi kuliko maji. Kwa hiyo maji yanamwingia bila hodi na chumvi inamtoka. Kuna homoni inayomsaidia kuziba hiyo mianya, inaitwa prolaktini. Ukimpeleka kwenye chumvi, mambo yanageuka. Sasa maji ndiyo yanamtoka na chumvi ndiyo inamwingia. Inabidi anywe maji, akojoe kwa ubahili, na chumvi iliyozidi aitoe kwa matamvua, yale mashavu anayopumulia. Lakini seli za kusukuma chumvi nje bado hana za kutosha. Lazima zijengwe. Anayetoa amri ya ujenzi ni homoni nyingine, kortisoli, ikisaidiwa na homoni ya ukuaji. Ujenzi unachukua siku.

Nikauliza kama hatuwezi kuwadunga sindano ya hiyo kortisoli tukamaliza keshokutwa. Daktari akacheka. Akasema hakuna haja, samaki anaitengeneza mwenyewe hapo karibu na figo. Kisha, begi likiwa begani tayari, akaongeza kwamba hiyo ndiyo homoni inayopanda hata kiumbe akiingiwa na wasiwasi. Akaenda zake.

Nikabaki nimesimama na ndoo. Wasiwasi! Mbona ni kitu cha bure! Samaki mwenye wasiwasi ana kortisoli nyingi. Mwenye kortisoli nyingi anajenga haraka. Anayejenga haraka hahitaji siku kumi. Hesabu imenyooka kabisa. Nitawatia wasiwasi, nitaweka chumvi maradufu, na Daktari akirudi atakuta kazi imekwisha siku nne nzima. Waliosema haraka haraka haina baraka hawakuwa na mke mjamzito kwenye karakana ya saa.

Nimeanza leo leo. Chumvi kilo tatu na nusu. Kwenye daftari la kazini nimeandika kilo mbili kasoro robo.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya wavu. Kila nusu saa nimeuchovya wavu tangini na kuwakimbiza perege kona hadi kona. Wanakimbia vizuri sana. Nina hakika kortisoli imepanda, maana hata yangu imepanda.

Bi Taratibu akauliza kama kuna kitu nimedondosha humo. Nikamwambia ni mazoezi ya viungo. Akasema mh. Akaendelea kupima chumvi yake kwenye mizani, akipunguza punje kwa ncha ya kijiko. Anaiyeyusha kwanza kwenye ndoo, anaimimina kidogo kidogo kwa kikombe, halafu anakaa kuwaangalia wanavyopumua. Saa nzima! Mimi namimina mfuko, nakoroga kwa mpini wa fagio, nimemaliza.

Baba Mkwe ameuliza kazini vipi. Nimemwambia mambo yanakwenda mbio.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemleta paka wa stoo. Wazo zuri, paka mbaya. Nilimweka juu ya stuli, mbele ya kioo cha tangi langu, uso kwa uso na perege. Akawatazama mara moja, akajikunja, akalala. Hadi saa nne anakoroma! Samaki wakaanza kumzoea. Mmoja alikuja kumchunguza masharubu.

Ubaya zaidi ulikuja baadaye. Paka akaamka, akajinyoosha, akahamia kwenye tangi la Bi Taratibu, akaanza kuwakodolea macho wa kwake. Homoni za bure kwa mpinzani! Nikaruka, nikamkamata, nikapigwa makucha mkono mzima. Bi Taratibu akanishukuru sana kwa kuwalinda samaki wake. Akanifunga bandeji. Polepole, bila shaka.

Chumvi nimeweka. Daftarini ni ileile ya kilo mbili kasoro robo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefikiri usiku kucha kwa msaada wa saa kumi na nne. Ni nini hasa kinachonitia mimi wasiwasi? Si wavu. Si paka. Ni Baba Mkwe. Na wala hapigi kelele. Anakaa, anafuta miwani, anauliza kwa upole: sasa mwanangu, mipango yako ni ipi?

Basi nimejaribu. Nimevuta stuli mbele ya kioo, nikafuta miwani (nimeazima ya mlinzi), nikawauliza perege kwa upole mipango yao ni ipi. Nikanyamaza. Nikawauliza wanajiona wapi baada ya miaka mitano. Nikawaambia wenzao wa tangi la pili wameshapiga hatua. Perege mmoja mkubwa akanigeuzia mkia na kujificha nyuma ya bomba la hewa. Nilimwelewa kabisa. Nilitamani kumwomba radhi.

Jioni hawakula. Chakula kimeelea mpaka kimelowa. Nimelipokea hilo kama dalili njema. Fundi akiwa juu ya dari huwezi kumwita mezani.

Jumamosi, 8 Machi

Chumvi ya mwisho nimeweka asubuhi, na kipimo kinasoma kama maji ya bahari. Siku sita badala ya kumi! Nilikuwa najipongeza pale nilipoona mmoja anaelea, tumbo juu. Yule mkubwa wa jana.

Nikajikaza kisabuni. Daktari aliacha kumi na wawili, lazima akute kumi na wawili. Bi Taratibu alikuwa stoo akihesabu mifuko, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutosha kuzika na kuoa. Nikachota perege mwenye afya kutoka bwawa la nje, lile lisilo na chumvi, nikampunguza pezi la kulia kwa mkasi, nikamtia tangini saa tatu. Akaogelea vizuri. Saa sita akawa anayumba. Saa nane amelala ubavu. Saa tisa nimemzika karibu na mwenzake.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Huyu wa bwawani alikuwa mnene, mchangamfu, hana shida yoyote. Wenzake kumi na mmoja wamesumbuliwa siku nne na wangali hai. Maana yake iko wazi. Hakutiwa wasiwasi wa kutosha.

Jumapili, 9 Machi

Leo zamu yangu, Bi Taratibu yuko kwake. Chumba kimya, pampu tu zinanguruma. Nimehesabu wangu mara tatu, kumi na mmoja. Wamekonda. Wawili wana madoa meupe mgongoni.

Nikaenda kwenye tangi lake. Nilitaka kuangalia tu. Jamani! Wamenona, wanang'aa, wanakuja juu kudai chakula kama wapangaji waliolipa. Chumvi yake inakaribia ya kwangu, zimebaki siku tatu tu afike. Samaki atakayetoka hapo kuja kwangu hatashtuka hata kidogo.

Naandika ukweli kwa kuwa daftari hili ni la siri. Nimemchukua mmoja. Pezi la kushoto lilikuwa limeshakatwa, nikamkata na la kulia. Daktari atatazama pezi la kulia, ataona limekatwa, ataridhika. Nani anahangaika na mapezi mawili?

Nilifikiria pia kumwekea Bi Taratibu mmoja wa bwawani, ili naye asipungukiwe. Nikakumbuka yule wa jana alivyolala ubavu. Hapana. Mimi si mtu mbaya.

Jumatatu, 10 Machi

Bi Taratibu amehesabu samaki wake. Kwa kidole. Imemchukua robo saa. Kumi na mmoja. Akahesabu tena, kumi na mmoja. Akasema huenda mmoja ameruka nje, akapiga magoti na tochi kumtafuta chini ya meza. Ningefanyaje? Nikapiga magoti pia. Tukamtafuta samaki pamoja nusu saa nzima, mimi nikiinua ndoo na mikeka, nikisema hayupo huku, dada, na huku hayupo. Kijasho chembamba kinanitoka. Nilijisikia vibaya, vibaya sana, na bandeji yake iko mkononi mwangu.

Alipochoka akaketi, akasema masikini, sijui ameteseka wapi. Kisha akafungua daftari lake na kuandika kumi na mmoja. Hivihivi! Bila hata kushawishiwa! Mtu wa namna hiyo ataongoza vipi chumba cha matangi?

Nyumbani, mke wangu amevimba miguu. Ameniuliza kama Jumatano ndiyo siku yenyewe. Nikamwambia ndiyo, apange tu mahali pa kitanda cha mtoto. Akafumba macho akatabasamu. Saa mojawapo ya ukutani ikagonga kumi na mbili, zile kumi na tatu zikakataa.

Jumatano, 12 Machi

Daktari amerudi. Jana sikuandika, nilikuwa nawabembeleza perege wale chakula. Hawakula.

Alianza na tangi la Bi Taratibu. Tone moja moja la damu, kwenye kile kimashine kidogo. Samaki kumi na mmoja, wote damu imetulia, chumvi ya mwilini iko pale inapotakiwa. Akauliza wa kumi na mbili yuko wapi. Bi Taratibu akasema amepotea mikononi mwake na anaomba radhi. Mimi nilikuwa nakausha ndoo kavu.

Kisha langu. Wa kwanza, chumvi imejaa kwenye damu. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu, wa nne. Daktari akazidi kukunja uso. Alipofika wa tisa, damu imetulia kama maji mtungini. Akafurahi, akasema angalau huyu mmoja umemlea. Akamwinua kwenye mwanga ili amsifu vizuri. Akamgeuza kulia. Akamgeuza kushoto. Akamgeuza tena kulia.

Pampu zilinguruma. Mwishowe Bi Taratibu akasema, kwa furaha ya kweli kabisa, kumbe yuko hai!

Nikaeleza yote. Chumvi, daftari, wavu, paka, bwawa. Daktari alisikiliza mpaka nilipofika kwenye maswali ya mipango ya miaka mitano. Hapo akaomba nirudie. Kisha akakaa kwenye ile stuli ya paka, akanieleza polepole kama anayeongea na mgonjwa. Homoni ni mjumbe, akasema. Mjumbe akipita na habari kwamba maji yamebadilika, mwili unaamka na kujenga, ukipewa muda na chumvi kidogo kidogo. Lakini mjumbe akizunguka anapiga mbiu ya hatari asubuhi hadi jioni, siku baada ya siku, mwili unaacha kula, unaacha kukua, na hata maradhi hauyafukuzi tena. Ndiyo hayo madoa. Wasiwasi wangu haukuwajengea kitu. Umewala.

Bi Taratibu ndiye msimamizi. Hata sikushangaa.

Nimemwambia mke wangu kila kitu. Nilipofika kwenye paka alicheka hadi akashika tumbo. Halafu akalia kidogo, bila sauti, baba yake asisikie. Akaniuliza, basi mtoto tutamlaza kati ya saa ipi na ipi? Hapo sina mzaha. Nilimshika mkono tukakaa hivyo mpaka akalala.

Ijumaa, 14 Machi

Kumetokea jambo! Bi Taratibu ameniita ofisini kwake, ofisi mpya, kiti kimoja. Nilijua nafukuzwa. Akaniambia mke wangu alikwenda kwake jana, kwa miguu na uvimbe wake, wakakaa mchana mzima. Hakunieleza walizungumza nini, alisema tu kwamba nina mke wa maana kuliko ninavyostahili. Nikamwambia ahsante.

Kisha akasema yeye ana nyumba yake, anaishi na mama yake mzazi, na mama huyo ukimtajia kuhama anaugua. Kwa hiyo nyumba ya nyuma ya stoo ingekaa tupu. Amemwomba Daktari tuhamie sisi. Daktari amekubali, kwa sharti alilolitaja Bi Taratibu mwenyewe: nitapima kila kitu mbele yake kwa mwezi mmoja, na nitakachoandika daftarini kiwe ndicho nilichofanya. Nikikosea tena makusudi, nyumba inarudi.

Nilikimbia nyumbani. Nilimkuta mke wangu anakunja nguo. Nikamuuliza alimwambia nini Bi Taratibu. Akasema alimwambia ukweli, basi.

Nimelifikiria usiku huu kwa makini. Watu wawili wazito, Daktari na msimamizi, wamebadilisha uamuzi ndani ya siku mbili. Kwa nini? Kwa sababu niliwatia wasiwasi! Mambo yangu yaliwasumbua, wakahangaika, wakapata njia mpya. Daktari anajua samaki, sikatai. Lakini watu hawajui.

Jumatatu, 17 Machi

Tumehamia juzi. Baba Mkwe alishika upande wa kichwa wa kitanda, mimi wa miguu. Alipofika mlangoni aliutazama ukuta mtupu, akanishika bega, akasema vizuri, mwanangu. Hakuuliza mipango. Nusura nimwulize mimi. Mke wangu alilala hadi jua likamfikia usoni. Sijamwona akilala hivyo tangu tuoane. Asubuhi nimeimba bafuni, beti zote.

Kazini, perege wangu kumi na mmoja waliosalia wanaanza kula. Madoa yanapungua. Bi Taratibu amesema sasa tuwarudishe kwenye maji yasiyo na chumvi, nako ni hivyohivyo, siku kumi. Kila siku kutoa ndoo tano za maji ya chumvi na kutia tano za maji safi, ili ile prolaktini irudi polepole na kuziba mianya. Nimeitikia ndiyo, dada, kwa unyenyekevu.

Ila nilimvizia Daktari kwenye korido, nikamuuliza hiyo prolaktini inapatikana wapi kwingine. Akanitazama muda mrefu. Akasema iko hata kwa binadamu, ndiyo inayomfanya mama apate maziwa ya kunyonyesha. Akaniuliza kwa nini nauliza. Nikasema napenda elimu.

Mama anayenyonyesha! Kumbe safari hii si wasiwasi unaotakiwa, ni mapenzi! Hapo ndipo tulipokosea mara ya kwanza. Mtoto akizaliwa nitaweka kiti cha mama yake mbele ya tangi, perege waone mtoto anavyobembelezwa, walainike, homoni ipande. Kwa sasa nimewaimbia mimi kidogo. Mmoja alikuja kabisa kwenye kioo. Nikaona mioyo imewalainika vya kutosha. Bi Taratibu alipoitwa kwenye simu nikatoa ndoo kumi. Daftarini nimeandika tano.

Jioni mke wangu alikuwa juu ya kiti na mapazia begani. Akaniuliza apigilie misumari au asubiri kwanza aone. Nimemwambia apigilie tu, hapa tupo sana.